Baba Aliahidiwa Ugiriki, Sasa Tunafikiria Lamu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Voi, kifungua mimba katika watoto wanne, na kazi yangu iko Mombasa. Baba yetu alifundisha historia shule za upili miaka 31. Kama kuna mtu aliyewapenda Wagiriki na Warumi bila kukanyaga kwao, ni yeye. Tulipokuwa wadogo, stima zikipotea, alituhadithia vita vya Athens na Sparta kwa mwanga wa koroboi. Alipostaafu alirudi nyumbani na ramani ya Mediterania iliyochanika pembe, na mpaka leo iko ukutani sebuleni.

Mdogo wangu anayenifuata yuko Ujerumani. Mwaka juzi aliona tangazo la meli ndogo, abiria hawafiki mia, inayopita visiwa vya Ugiriki, pwani ya Uturuki, hadi Italia. Kila siku watu hushushwa kwenye mji wa kale, na profesa yupo wa kuwaeleza. Tukachanga. Tulimtangazia baba siku aliyotimiza miaka 70, mbele ya wageni, na mzee alilia. Shangazi, viza imekataliwa mara mbili. Meli imeshaondoka, na pesa tulizorudishiwa hazifiki nusu ya nauli mpya.

Mume wangu ndiye aliyesema: kwa nini tusimpeleke Lamu, tukodi chombo, azungushwe magofu ya huko? Mdogo wangu alikasirika sana. Alisema huko ni kumwahidi mtu biriani kisha kumwekea muhogo. Wale wawili wadogo wamegawanyika. Mama ana goti bovu na maishani mwake hajapanda chombo cha majini isipokuwa feri ya Likoni. Anasema bahari haitaki, lakini hatamwacha mumewe akazame peke yake. Baba mwenyewe hajaambiwa kitu. Kila Jumapili akipiga simu ananiuliza kama viza imetoka.

Nisaidie. Safari ya Lamu ina maana, au tutamtia mzee aibu? Kama ina maana, tuanzie wapi, siku ngapi, na baba tumwambie nini?

Binti Mwalimu,
Mombasa

* * *

Marahaba mwanangu,

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililonikosesha usingizi. Mzee wa miaka 70 anauliza kila Jumapili, na nyinyi watu wazima wanne mnamjibu "bado kidogo". Panda treni Jumamosi hii, nenda Voi, ukae naye barazani umwambie viza haikutoka. Habari hii si ya simu. Na siku hiyo Lamu usiitaje kabisa. Ukizibeba habari mbili mkononi kwa pamoja, ya kwanza utaitupa haraka ili uifikie ya pili, na yeye ataona anabembelezwa kama mtoto aliyechomwa sindano. Mwache asikitike. Alilia mbele ya wageni, ana haki ya kununa mbele ya binti yake.

Asubuhi yake, chai ikishanywewa, mwulize swali moja tu: "Baba, hivi wale Wagiriki wako walijua kuwa sisi tupo?"

Halafu kaa vizuri, maana atachukua muda. Atakwambia kuna kitabu kidogo kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Misri ikiwa chini ya Warumi. Aliyekiandika alikuwa mtu wa biashara, si wa mashairi, na anaorodhesha bandari, upepo na bei kama anayemwachia mwanawe daftari la duka. Pwani yetu anaiita Azania. Anataja pembe za ndovu na magamba ya kobe, anataja soko liitwalo Rhapta ambalo wataalamu wanagombania lilikuwa wapi hadi hii leo, na anataja vyombo vya wenyeji vilivyoshonwa kwa kamba. Sasa, watu wa visiwa vya Lamu waliunda mitepe mpaka karne ya 20. Mtepe ni chombo kikubwa kilichoshonwa mbao kwa mbao kwa kamba ya makumbi, hakina msumari hata mmoja, na tanga lake ni la mkeka. Ushonaji ule aliouona mfanyabiashara yule wa Misri miaka karibu 1,900 kabla, wazee wa Kibajuni walikuwa bado wanao vidoleni.

Akishamaliza hapo, mchokoze tena. Mwulize Herekali ni nani. Mwaka 1728, katika mji wa Pate, humo humo visiwani Lamu, Bwana Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, ambao jina lake jingine ni Chuo cha Herekali. Ni miongoni mwa tungo ndefu za Kiswahili za kale kabisa ambazo hati zake tunazo. Na huyo Herekali ni Heraclius, kaisari wa Warumi aliyetawala Constantinople. Yaani wakati watu wa Pate wanaketi ukumbini kusikiliza utenzi, mmoja wa wahusika wakuu alikuwa mfalme wa Warumi. Baba yako hatatoka nje ya somo lake akija Lamu.

Huo ndio msimamo wangu, na naona niuseme wazi mapema: Lamu si fidia ya Ugiriki. Mkienda kama fidia, mtaharibu. Nendeni kwa sababu kuna kitu pale ambacho ile meli ya ndugu yako isingempa mzee. Kule angekuwa abiria wa kusikiliza profesa. Huku kiti cha profesa ni chake.

Na kuhusu ndugu yako, usigombane naye juu ya biriani na muhogo (muhogo wa nazi uliopikwa vizuri naujua mimi, lakini tuyaache). Mwandikie habari za Mortimer Wheeler. Huyu alikuwa mwanaakiolojia maarufu wa Uingereza, na ndiye mmoja wa waliozipa jina zile safari za meli za kwenda kuona magofu ya Wagiriki, zilizoanza miaka ya 1950. Alikuwa akipanda na abiria na kuwahutubia juani kati ya nguzo. Mtu huyo huyo alikuja Afrika Mashariki mwaka 1955, akatembea ufukweni Kilwa, na akashangaa kwa wingi wa vigae vya kaure vya China alivyovikanyaga. Hakurudi kwao akasema ameona muhogo. Alishiriki kuisukuma Uingereza ianzishe taasisi ya utafiti wa historia Afrika Mashariki, na mkurugenzi wake, Neville Chittick, ndiye aliyekuja kuchimba mji wa kale wa Manda kuanzia miaka ya 1960. Aliyezijua nguzo za Ugiriki kuliko sisi sote hakuona tabu kuinama Kilwa. Ndugu yako naye hataumia mgongo.

Lakini nisikudanganye. Msije mkitafuta marumaru. Miji yetu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na matumbawe huliwa na mvua. Mahali pengi mtakuta ukuta wa kufika kiunoni, mizizi ya mkuyu imeukumbatia, miba, mbu, na ubao wa maelezo uliofifia maandishi. Mwenye kutaka picha ya nguzo ndefu atapata chache, nazo ni za makaburi. Msipomwandaa mzee kwa hili, saa ya kwanza atakaa kimya na mtadhani amechukia.

Sasa chombo. Mumeo alisema mkodi. Kodini. Si kwa raha tu. Miji hii yote ilijengwa kuangalia maji, na barabara yake ilikuwa maji. Ukiifikia kwa pikipiki kutoka nyuma, umeingia nyumba kwa mlango wa jikoni. Ukiingia na chombo, taratibu, mikoko ikikubana kulia na kushoto, ndipo unaelewa kwa nini mtu alichagua mahali pale pa siri kujenga mji.

Ila bahari ya Lamu haina saa ya mkononi. Nitakueleza kisa changu, na kosa lilikuwa langu mimi, nahodha simlaumu. Miaka kadhaa nyuma niliwapeleka wageni wangu Takwa, upande wa pili wa kisiwa cha Manda. Unaingia kwa mkono mwembamba wa maji katikati ya mikoko, na mkono ule una maji pale tu bahari inapojaa. Tulifika adhuhuri, maji tele. Ilipofika saa nane nahodha akaja kuniita, "Mama, mai yatoka." Nikamwambia dakika kumi. Nilikuwa nimepata mwanga mzuri kwenye mihirabu. Akarudi tena, safari hii hakusema kitu, alisimama tu akiangalia miguu yake. Tulipoondoka tulikwenda kama mita 200, kisha nikasikia sauti ile, kama mtu anayekokota gunia jikoni, na chombo kikasimama. Saa tisa alasiri. Tope likaanza kutokeza pande zote, kaa wadogo wekundu wakatoka mashimoni wakatukodolea. Tulielea tena saa tatu usiku. Katika saa sita zile nilijifunza majina ya watoto wote wa nahodha, na wageni wangu walikula tende zilizokuwa zawadi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kupanga tarehe ya ruhusa kazini, angalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na huku kwetu siku hizo hujaa alfajiri na alasiri, halafu asubuhi ya saa nne unaona nchi kavu palipokuwa bahari. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Ukihesabu, utaona kuwa zinapopita siku nane au tisa hivi tangu bamvua, maji ya kujaa yanaangukia adhuhuri au baada yake kidogo, ndizo siku za kuingia Takwa mchana na kutoka mkiwa na akili zenu. Siku za maji mafu yenyewe, kati ya bamvua mbili, usiziamini sana kwa mikono myembamba, maji huwa hayana nguvu ya kufika. Nahodha yeyote wa maana atakupa siku kabla hujamaliza kuuliza. Asiyekuuliza tarehe ya mwezi, mshukuru uende kwa mwingine.

Msimu nao. Kusi ikipamba moto, Juni na Julai, mwambie mama abaki Voi. Januari na Februari bahari hutulia, joto ni kali lakini kaskazi hupepea. Oktoba pia ni tamu. Tazama kalenda mwezi wa Ramadhani usije ukawatwika wenyeji kazi ya kuwapikia mchana.

Kukodi: usikodi kwa simu kutoka Mombasa, na usimpe pesa kijana wa kwanza atakayekupokea gatini, hata akikuita dada. Lala Lamu usiku mmoja, asubuhi mtembee ukingoni na mzee, mkione chombo kwa macho. Nyinyi ni watu saba au wanane na kuna mgonjwa wa goti. Dau dogo litawachosha, tafuteni jahazi lenye nafasi na lenye mashine ya kusaidia tanga. Uliza mambo manne ambayo watu wenye haya hawayaulizi. Jaketi za kuokolea ni ngapi, na uzione, si kuambiwa. Chombo kimesajiliwa kubeba watu wangapi. Choo kikoje, kwa sababu ya mama yako na kwa sababu yako. Na je, bei mliyopatana imeingiza chakula, mafuta na siku ya akiba maji yakikataa? Andikeni kwenye karatasi, mlipe nusu. Na kabla ya kuelekea visiwa vya kaskazini, ulizeni polisi na ofisi ya kaunti hali ya usalama ikoje wiki hiyo. Visiwa viko karibu na mpaka wa Somalia, na kuuliza si woga. Kusafiri ni mchana tu.

Siku ya kwanza msipande chombo kabisa. Lamu yenyewe, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni tofauti na kila gofu mtakaloliona, kwa kuwa watu bado wamo ndani. Mzee aione kwanza nyumba ya mawe ikiwa hai: daka mlangoni, kiwanda cha kati, zidaka za ukutani zikiwa na sahani, mtoto analia ghorofani. Kesho yake akiona ukuta mtupu wenye vishimo vilivyopangwa, atajua ni zidaka bila kuambiwa. Pitieni makumbusho, na ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 ikawa jela hadi miaka ya 1980. Na ofisi ya makumbusho ndiyo itakayowapatia mtu wa kufuatana nanyi. Mchukueni. Baba yako awe na maswali, na yule awe na majina ya miti.

Takwa siku ya pili. Mji ulishamiri karne ya 16 na ya 17, kisha watu wakahama. Sababu zasimuliwa nyingi, visima kuingia chumvi, ugomvi na Pate. Wengi walivuka wakaenda kukaa Shela. Msikiti una nguzo juu ya kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye maandishi ya tarehe inayoangukia mnamo 1682. Watu wa Shela huja mpaka leo kwenye kaburi lile kuomba mvua. Hilo mzee alitie akilini. Kwenye hekalu la Apollo hakuna tena anayemwomba Apollo, lakini pale Takwa mtu anaweza kuja Alhamisi na ubani, na babu yake wa ngapi sijui alizaliwa nyuma ya ukuta ule. Kwa hiyo msikalie makaburi, msiweke chupa za soda juu ya kuta, na mkikuta watu katika dua, rudini chomboni mngoje. Nyinyi wanawake chukueni leso za kujitanda.

Siku ya tatu nahodha awapitishe kando ya kaskazini ya Manda, kwenye mji wa kale wenyewe wa Manda, alipochimba Chittick. Hapo kuna kitu kimoja cha kuona: ukuta wa bahari, wa matofali makubwa ya matumbawe, ulioinuliwa ili kuiongeza nchi kavu mahali pa maji, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vyungu vya Ghuba ya Uajemi vya karne ya 9 vilitoka humo. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kupata huko sarafu ya China ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Nusu saa inatosha, jua halina pa kujificha.

Kisha mvuke, maji yakiwa yamejaa, mpaka mfike kisiwa cha Pate, kwenye mikoko na ndege weupe. Pate mji mtaupenda au mtaukimbia, hakuna katikati. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba mtu na punda hawapishani bila mmoja kuomba radhi. Ukitoka nje kidogo ya nyumba za leo, unaingia Pate ya Manabahani, watawala wake wa kale: kuta ndefu za mawe, na katikati yake, palipokuwa kumbi, watu wamepanda tumbaku. Majani mapana, ya kijani, yamepangwa safu safu ndani ya chumba kisicho na dari. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizitazama nyumba hizi hizi zilipokwisha wenyewe, ndipo akatunga utenzi wa Al-Inkishafi. Mpe mzee nakala aisome pale akiwa amekaa juu ya jiwe, na nyinyi mwondoke mkanywe kahawa. Pate ilianza kuanguka kweli baada ya kushindwa vita vya Shela, mnamo 1812, na mwalimu wa historia hahitaji mtu wa kumshikia kitabu mahali kama hapo.

Siyu, kisiwani humo humo, ndipo mtakapolala. Ngome yake iko ukingoni mwa mkono wa maji, na wenyeji hujivunia kuwa ni ya mikono yao, si ya Wareno wala Waomani. Chini ya kiongozi wao Bwana Mataka waliyashinda majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar miaka ya 1840, na Zanzibar haikuutia mji mkononi mpaka 1863. Ulikuwa mji wa mafundi: misahafu iliyonakiliwa kwa mkono, milango, viatu vya ngozi. Mama yako umwambie kwamba mke wa Bwana Mataka alikuwa Mwana Kupona, yule aliyemwandikia bintiye utenzi wa nasaha mwaka 1858. Namhesabu mwenzangu wa kazi, ingawa yeye hakusubiri kuandikiwa barua.

Kutoka Siyu hadi Shanga ni mwendo wa kama saa moja kwa miguu, kwenye mchanga na mashamba. Goti la mama lisiende kwa miguu. Mwombeni mwenyeji punda mpole, mtandike magunia mawili, aondoke mapema kabla jua halijachachamaa. Pikipiki nazo siku hizi zimefika kisiwani, lakini mchangani humo goti litalipa deni lote.

Shanga ndiyo sababu yangu ya kuwaambia mwende. Kwa macho ni kichaka. Kuta za nyumba, kaburi la mnara, msikiti wa Ijumaa usio na paa, bahari ikisikika bila kuonekana. Mark Horton alichimba hapa miaka ya 1980, na chini ya sakafu ya msikiti ule wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mmoja juu ya mwingine, mpaka chini kabisa ambako hakukuwa na jiwe bali alama za mashimo ya nguzo za mti. Kibanda cha kuswalia cha karne ya 8. Watu wachache tu wangeenea ndani. Kila kizazi kilichopata uwezo kilijenga juu ya kile cha babu bila kuhama mahali. Kulipatikana pia vijisarafu vya fedha vilivyopigwa hapa hapa, vidogo kama kucha ya kidole cha mwisho, vyenye majina ya watu. Na mwanzoni mwa karne ya 15 mji ukaachwa. Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498, Shanga ilikuwa tayari gofu, na ilikuwa imepita kama miaka 700 tangu kibanda kile.

Hapo baba yako asimame juu ya msikiti na afundishe. Mwambie tangu Voi kwamba somo la Shanga ni lake, aliandae, ana mwezi mzima. Wajukuu wakae chini. Atawauliza: mtu anajuaje umri wa jengo ambalo halipo tena, limebaki shimo la nguzo tu? Miaka 31 amefundisha miji ambayo hakuwahi kuigusa. Huu ataugusa.

Kijijini atatokea mtu atakayewaambia kwamba Shanga ni Shanghai, na kwamba mabaharia wa China walizama karibu na Pate wakaoa Siyu. Mwaka 2005 binti mmoja wa visiwa hivi alipata ufadhili wa kusoma China kwa ajili ya simulizi hiyo. La jina msilisadiki. Lile la kuoa, mimi nalipenda bila kuliamini lote, na mzee atafurahi kulibishia. Ila akiokota kigae cha kaure chenye ua la buluu, na atakiona, maana mvua huvifunua, akitazame, akipige picha, akirudishe. Sheria ya makumbusho ya mwaka 2006 inakataza kuchukua, na watoto wenu watamwiga yeye si sheria.

Siku ya tano mnarudi. Mtakuwa mmechoka, mmeungua shingo, mtu mmoja atakuwa ametapika na kuapa harudii. Nahodha atapika chomboni, jiko la makaa limewekwa ndani ya sanduku la mchanga, changu wa asubuhi na wali wa nazi, na mama yako, kama ninavyowajua wanawake wa rika letu, atamwondoa jikoni kwa adabu aonje chumvi.

Zile pesa zitatosha na kubaki. Sehemu iliyobaki usiigawanye. Mwulize ndugu yako tarehe za ruhusa yake kabla hujamwuliza nahodha tarehe za mwezi, umwambie kuna nafasi yake chomboni na kwamba mwenye kuhutubia safari hii ni baba. Viza ya kuja Lamu haihitaji. Akikataa, nendeni. Na Mediterania ile ukutani msiitoe. Mnunulie mzee ramani ya bahari ya Lamu, ile wanayotumia mabaharia yenye vina vya maji, aibandike kando yake mwenyewe, kwa gundi yake.

Leso mchukue za ziada. Mbao za jahazi zina vichwa vya misumari.

Shangazi